Kava ya Mazishi ya Baba Yako

Kendi mwanangu,

Umeenda kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia kabla hujamaliza uji wake, kwa hivyo nina nafasi. Mambo ya blanketi, ya kufuli na ya majirani wa kukopa sukari tuliyamaliza mchana. Haya mengine nimeona niyaandike. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru chetu mimi hukiongea tu, kukiandika hunishinda, na pia kwa sababu nikianza kukuambia kwa mdomo nitapandisha sauti, nawe utasema kama unavyosema kila mara, "Mama, wachana na hiyo."

Sijawachana nayo.

Jumapili, uliponiambia kwamba kazi ya kwanza utakayopewa kule Embu ni kutengeneza kava ya albamu mpya ya Mfariji, nilikuwa naponda mukimo na sikuacha kuponda. Ulidhani sijasikia. Ukasema, "Nitawaambia sitaki. Ama niichukue nimharibu kabisa. Sema tu, mama." Nilisikia vizuri sana. Nilinyamaza kwa sababu jibu lililokuja kwanza mdomoni lilikuwa "mharibu", na mtu asimpe mtoto wake jibu la kwanza.

Ile picha unaijua. Umekua nayo. Lakini ulikuwa darasa la tatu wakati huo, na yale niliyokuambia baadaye nilikuambia nusu nusu. Ngoja nikupe yote, ndipo nikujibu.

Lori la ndizi lilipomuua baba yako pale kwenye mteremko, tangazo la kifo lilisomwa redioni. Mfariji alilisikia. Wakati huo hakuwa anaitwa Mfariji. Alikuwa kijana tu wa kuimba harusini na kwenye harambee, mwenye sauti ya kawaida, na hakuna mtu angemtambua akipita barabarani. Siku ya mazishi alifika hapa Mitunguu na gari lenye spika, bila kualikwa na yeyote, akiwa amevaa suti nyeupe. Fikiria suti nyeupe katika udongo wetu huu mwekundu. Alikuwa na mpiga picha kutoka Embu, mtu mrefu mkimya aliyeitwa Njeru.

Nitakuambia ukweli ambao sijawahi kumwambia hata shangazi yako Gatwiri. Nilipomwona nilifurahi. Gitonga alikuwa mtu wa kumwagilia ndizi, watu walimwita tu wakitaka mifereji izibuliwe, na sasa mwimbaji mwenye spika alikuwa amekuja kumzika. Niliona kama amepandishwa cheo. Ndiyo maana sikuuliza, "Wewe umeletwa na nani?" Kosa langu lilianzia hapo, kwa kupenda mazishi yaonekane makubwa.

Jeneza liliposhushwa nililia. Mkono ulinishika begani na sikujua ni wa nani. Baadaye, udongo ulipokwisha kujazwa na watu wakaanza kuelekea kwenye chakula, yule mwimbaji alinifuata akainama karibu na sikio langu.

"Mama, pole sana," akasema. "Lakini tafadhali, ulie tena kidogo. Ile ya kwanza jua lilikuwa nyuma yako. Uso umetoka mweusi."

Sikuelewa. Akanishika kiwiko akanigeuza. "Simama hapa. Inua uso kidogo. Na leso ya kichwa iache ianguke vile ilivyokuwa, ilikuwa imetokea vizuri."

Njeru alikuwa ameshika kamera na anaangalia chini. Nikasimama pale nilipoambiwa. Nikaacha leso ianguke. Nikalia tena, Kendi. Nililia mbele ya kaburi la baba yako kwa sababu mtu wa suti nyeupe aliniomba, na alipoweka mkono wake begani mwangu mara ya pili nilijua ni wake, na nilikaa nao hadi aliposema, "Sawa. Mungu akubariki."

Miezi ikapita. Nilikuwa nimepeleka ndizi soko la Nkubu, nikasikia nyimbo za maombolezo kwenye kibanda cha sidii. Muuzaji akanipungia moja. "Mama, chukua hii. Hii inaliza watu." Kisha akaniangalia, akaangalia kava, akaniangalia tena, akairudisha mezani polepole kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe.

Nikaichukua. Jina lilikuwa *Mkono Begani*. Yeye alikuwa katikati na suti yake, na mimi ubavuni mwake, mdomo wazi, kichwa wazi, mbele ya watu wote wa Nkubu. Wewe umesomea kazi hii na utaona haraka nilichokiona mimi baada ya kuitazama siku nyingi. Walikuwa wamefuta kaburi. Waombolezaji wote waliokuwa nyuma yangu, ndugu za baba yako, walimu wako, wote walikuwa wamefutwa, na mahali pao pakawekwa mawingu yenye miale ya jua. Nguo yangu ya kitenge cha kijani, ile niliyoazimwa na Gatwiri, ilikuwa imegeuzwa kijivu ili suti yake ing'ae. Na shavuni mwangu walikuwa wameongeza chozi moja kubwa. Machozi yangu hayakuwatosha.

Nyuma ya kava kulikuwa na orodha ya nyimbo, na chini yake maneno "Kwa mazishi na ibada za kumbukumbu, mwalike Mfariji", pamoja na namba ya simu. Ndipo nikaelewa. Kijana wa harusi alikuwa amekufa, na aliyezaliwa mahali pake, yule anayefuta watu machozi, alikuwa amezaliwa begani mwangu. Nani angemwita mtu huyo Mfariji bila mtu wa kufarijiwa? Ukiniondoa mimi kwenye picha ile, anabaki mwanamume aliyevaa kama bwana harusi na mkono hewani.

Niliipiga ile namba.

"Mama, wewe sasa si wewe," akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa. "Wewe ni kila mjane. Watu wanakuona wanapona. Mungu amekutumia."

"Mungu hakuniambia nigeuke upande wa jua," nikasema.

Akacheka kidogo. "Una uchungu bado. Tutakuombea." Akakata.

Nikaenda kwa mchungaji wetu. Akaniambia nisamehe, picha inahubiri. Nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo nikaanza kungoja. Watu husema hasira ni moto. Yangu haikuwa moto. Ilikuwa kama maji ya mfereji ukiyafunga juu: huyaoni yakifanya chochote, lakini yanajaa.

Ulipoingia shule ya bweni kule Kaaga ndipo nilipojua nitafanya jambo. Unakumbuka ulirudi likizo na mdomo uliovimba, ukasema umeanguka. Mwalimu wako aliniambia ulipigana na msichana aliyekuwa akiigiza mama wa kava, anafungua mdomo na kuachilia leso, na bweni zima linacheka. Sikukugombeza. Nilikupikia chapati, na wewe hukujua kwa nini.

Halafu nikasikia redioni kwamba Mfariji anazindua albamu ya pili, na uzinduzi ni Kianjokoma, kule Embu, uwanjani. Nikamwendea Gatwiri nikamwomba ile nguo ya kijani.

"Unaitaka ya nini?" akauliza.

"Ya kwenda Kianjokoma."

Alinitazama, akaenda kuitoa sandukuni, akaipiga pasi mwenyewe.

Nilifika mapema nikakaa mbele kabisa. Jukwaani walikuwa wameninginiza bango la ile kava, kubwa kama ukuta wa nyumba. Chozi langu la uongo lilikuwa kubwa kuliko kichwa changu. Nilikaa chini yake na nguo ile ile, leso ile ile, ila sasa nilikuwa nimeifunga vizuri, na uso wangu ulikuwa mkavu. Sikufanya kitu kingine. Nilikaa tu.

Mama mmoja wa huko, mchuma chai kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa, akaniinamia. "Si wewe ndiye yule?"

"Ndiye."

"Na nguo ilikuwa kijani?"

"Ilikuwa kijani."

Akamgeukia jirani yake, na jirani akamgeukia mwingine. Niliwasikia wakipokezana mgongoni mwangu hadi nyuma. Mwendesha programu naye akasikia, akaona ni baraka imemwangukia. Akatangaza kwenye spika kwamba mama wa *Mkono Begani* yuko nasi, apande atusalimie. Mfariji alikuwa kando ya jukwaa. Nilimwona akitikisa kichwa, hapana, hapana, lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

Nikapanda. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno langu shambani, katikati ya migomba, kama mtoto anayejifunza shairi la siku ya wazazi. Sikulia na sikutukana. Nilisema, "Mimi ni Kathure wa Mitunguu, mke wa Gitonga. Aliyekuwa anazikwa hapo ni Gitonga. Mnaona mawingu, lakini hapo palikuwa na kaburi lake. Mtu huyu alikuja bila kuitwa. Nilipomaliza kulia aliniambia nirudie, kwa sababu jua lilikuwa nyuma yangu. Picha mnayoiona ni ya mara ya pili. Na hilo chozi si langu."

Mfariji akachukua kipaza sauti kingine. "Mama yetu bado ana uchungu," akasema. "Tumwombee."

Yule mama wa chai akasimama pale chini. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. "Tutaomba baadaye. Ulimwambia alie tena?"

"Mama, mambo ya mazishi ni..."

"Ulimwambia ama hukumwambia?"

Akaangalia huku na huku. Na hapo Njeru, aliyekuwa karibu na jenereta na kamera yake shingoni, akasema bila kupaza sauti sana, "Alimwambia. Mimi ndiye niliyepiga."

Sijui kama Njeru alikuwa amengoja kama mimi nilivyongoja. Sikuwahi kumuuliza na sikumwona tena.

Nitakueleza nilivyohisi, kwa sababu watu watakudanganya. Watakuambia kisasi ni kichungu, kwamba humla mwenye nacho. Mimi kilikuwa kitamu. Niliona uso wa mtu yule ukitafuta mahali pa kukaa na kukosa, chini ya bango lake mwenyewe, na nikashuka ngazi zile nikihisi miguu yangu ni myepesi kama ya msichana. Hata leo nikikumbuka hutabasamu peke yangu shambani. Mungu akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Baada ya hapo mialiko ilimpungukia. Wafiwa walianza kusema, mje kuimba, lakini kamera mziache nyumbani. Akaichapisha *Mkono Begani* upya na kava ya maua. Maua yale hayakumfaa. Sauti ilikuwa ile ile ya kawaida, na sasa hapakuwa na kitu cha kuifunika.

Ndipo akaja hapa nyumbani na mchungaji wetu. Ulikuwa shuleni. Niliwaketisha kwenye benchi uani, nikawapa chai. Alikuwa amepungua mwili. Akasema amekosa, ameumia, anaomba radhi, na machozi yakamtoka. Labda yalikuwa ya kweli. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja nitamke lile neno lake.

Nikaweka kikombe chini. "Rudia," nikamwambia.

"Nini, mama?"

"Rudia. Jua liko nyuma yako, sijakuona vizuri. Njoo ukae upande huu."

"Mama Kendi," mchungaji akasema, "hapana. Usifanye hivyo."

Lakini yule alikuwa ameshasimama. Alihama akaketi upande niliomwonyesha, jua likampiga usoni, na akaanza upya, nimekosa, nimeumia. Na akalia. Mara ya pili alilia vizuri kuliko ya kwanza. Nilimwangalia hadi mwisho, kisha nikasema, "Sawa. Nendeni salama." Neno walilolifuata sikulitoa. Mchungaji hakunisalimia mwaka mzima, na uenyekiti wa kina mama kanisani nikanyang'anywa. Wachukue. Ningelipia zaidi ya hapo.

Sasa nikuambie ambacho sikukipata, kwa sababu wewe ndiye unayekaribia kushika kazi hii kwa mikono yako.

Nikifumba macho nikumbuke siku tuliyomzika baba yako, naona ile kava. Naona mawingu. Najitahidi kurudi nyuma, kwenye kilio cha kwanza, kile changu, pale jeneza liliposhuka na sikujua kama leso imeanguka, na sifiki. Nafika kwenye cha pili. Picha imekaa mlangoni kama mgeni asiyeondoka. Nilimwaibisha mtu yule mbele ya Embu nzima, nikamliza mara mbili uani kwangu, na bado hakuna kati ya hayo lililonirudishia ile dakika. Alipoiba hakujua hata anaiba nini. Hicho ndicho ninachomchukia hadi leo, kwamba hakujua.

Basi swali lako.

Usikatae hiyo kazi. Ukikataa atatengenezewa na mwingine, na huyo mwingine atamtafutia mjane mpya, au mtoto yatima, au mgonjwa hospitalini. Umri umesonga, anataka kurudi, na anajua njia moja tu.

Na usimharibu. Herufi za kupinda na rangi mbaya zitakufukuzisha kazi, na yeye atapata huruma. Mtu wa aina yake humpi huruma.

Utakapokaa naye kuipanga, atakuambia anataka watu pembeni, watu wenye shida. Mwambie kwamba siku hizi kava huonekana kwenye simu, ndogo kama kibiriti, na nyuso nyingi hazisomeki. Si umenifundisha wewe mwenyewe? Mwambie abaki peke yake. Mpige karibu, uso mtupu, mchana, bila suti nyeupe. Usimwekee mawingu. Ile mikunjo ya macho usiifute, na usimwongezee wala kumpunguzia hata tone. Tengeneza kazi safi kabisa, kazi ambayo bosi wako ataisifu na yeye mwenyewe hatapata pa kuikosoa. Kisha mwache watu wamtazame. Kama kuna kitu ndani ya uso ule, kitaonekana, na mimi nitakuwa nimekosea miaka hii yote. Kama hakuna, kitaonekana hicho pia.

Hajui wewe ni nani. Uliniambia wanakuita Kendi tu kule ofisini, na kuna Kendi wengi kama maharagwe. Usimwambie. Mhudumie kwa adabu, umwite mzee, umletee chai akija.

Lakini najua bado anachapisha sidii za kuuza makanisani na kwenye mazishi, na najua nyuma ya kava, chini kabisa, huwa kuna mstari mdogo wa jina la aliyeibuni. Hiyo ni haki yako na hakuna anayeweza kukunyima. Andika jina lako lote, Kendi Gitonga. Iwe herufi ndogo, sitaki makubwa. Siku atakapolisoma, albamu zitakuwa zimeshatoka kiwandani, na kila atakapoenda kuimba atakuwa amelibeba jina la yule ambaye kaburi lake alilifuta, na atalitoa kwa mkono wake mwenyewe, akitabasamu, kumpa mtu.

Nasikia lango. Nyanya yako amekupakia viazi vikuu tena, naona unavyotembea. Vichukue vyote, usimkatalie.

Mimi mama yako,
Kathure, mke wa Gitonga